Aliyelala Juu ya Mafiga

Mama mkwe wangu Eustakia hakuwa mtu wa kulia. Nilipoolewa kwake Kasulo, karibu na mpaka wa Rwanda, mwanzoni mwa mwaka 1994, alikuwa ameshazaa watoto saba na kuzika wanne. Wanawake wa pale waliniambia kwamba hata siku alipozikwa yule wa mwisho, watu walipotawanyika yeye alichukua jembe akaenda kumalizia tuta la viazi aliloliacha katikati. Walinieleza hivyo bila kumsifu wala kumlaumu, kama mtu anavyokuonyesha mahali pa kuchota maji.

Mimi ni Msubi wa Biharamulo. Mume wangu alinifikisha kwa wazazi wake, akakaa kidogo, akarudi Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Nikabaki na wazee wawili, Eustakia na mumewe Danstan, mzee mpole mwenye mguu mmoja mbovu. Walikuwa na migomba, maharage, mbuzi wachache, na kazi moja iliyomfanya Eustakia ajulikane hadi vijiji vya jirani: alipika rubisi, pombe ya ndizi. Ndizi zilivundikwa shimoni mpaka zikaiva, zikamenywa, zikakamuliwa kwa majani ndani ya mtumbwi wa mti, kisha maji yake yakachanganywa na mtama wa kukaanga na kuachwa yachachuke. Watu walikuja kunywa uani kwetu, kwenye magogo yaliyopangwa mbele ya jiko. Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha udongo kando ya nyumba. Ndani, juu ya mafiga, kulikuwa na dari la fito ambako tulihifadhi mahindi na kuni zipate moshi.

Mwisho wa Aprili watu walianza kuvuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Tulikuwa tumesikia redioni kwamba kule watu wanauana, Watutsi wanamalizwa, na sasa waliokuwa wanakuja walikuwa wengi wao Wahutu waliokimbia jeshi la waasi wa Kitutsi lililokuwa likiwafuata. Ndivyo tulivyoelezwa. Sisi tuliona watu tu. Asubuhi moja tulitazama kilima cha ng'ambo tukakuta kimebadilika rangi. Siku zilizofuata kikafunikwa na maturubai ya buluu, moshi ukawa haukatiki, miti ikaisha. Mto tuliokuwa tunachota ukawa tope. Shamba letu la muhogo la bondeni liling'olewa lote, hadi miche. Mama mkwe alikwenda kuliangalia, akarudi.

"Vipi?" Danstan akamuuliza.

"Wamekula," alisema, akaingia jikoni.

Baadaye wakaanza kuja nyumbani kuomba kibarua. Kihangaza, lugha ya pale kwetu, na Kinyarwanda havipishani sana, kwa hiyo tuliwaelewa vizuri. Walilima, tukawapa ndizi au viazi. Kati yao alikuwapo mwanamke mmoja mwembamba, Odeta, wa umri wa miaka thelathini hivi. Alikuwa akilima bila kuinua kichwa, na wenzake wakikaa kupumzika yeye alikaa peke yake pembeni. Mumewe alikuwa seremala. Alikuja mara moja akatutengenezea mlango wa zizi. Kisha tukasikia mume anaumwa, anahara damu. Wakati ule kambini watu wengi walikuwa wanahara damu.

Mchana mmoja mwezi wa saba nilikuwa namenya ndizi na mama mlangoni mwa jiko. Odeta akaja bila jembe. Alisalimia, akakaa chini palepale mlangoni, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto.

"Mgonjwa ameamkaje?" mama akauliza.

"Tumemzika juzi."

"Pole." Mama hakuacha kumenya.

"Wanasema nisilale kule leo."

"Nani wanasema?"

"Mwanamke mmoja ninayechota naye maji. Anasema wanakuja jioni."

Hapo ndipo alipotuambia, kwa maneno machache, akiangalia maganda ya ndizi. Yeye alikuwa Mtutsi. Mumewe alikuwa Mhutu, na mauaji yalipoanza kwao alimwingiza katikati ya dada zake, akamfunga kilemba kama wao, akavuka naye daraja. Kambini majirani walinong'ona, lakini mume alikuwa hai na alikuwa na ndugu. Sasa mume hayupo, na ndugu wamesema hawamjui. Katika sehemu yao ya kambi walikuwapo wanaume waliokuwa wakipita hema kwa hema kuuliza nani ni nani. Waliowapata, miili yao iliokotwa mtoni.

Alipomaliza mama alimuuliza, "Umekula?"

Odeta akatikisa kichwa. Mama akanyanyuka, akamletea kiporo cha maharage na ndizi. Odeta alikula taratibu, bila haraka ya mtu mwenye njaa. Nilimwangalia nikafikiri kwamba angekula hata kama ningemwekea udongo.

Danstan aliporudi na mbuzi, mama alimweleza palepale, mbele ya mgeni mwenyewe. Mzee aliegemea fimbo yake.

"Watatuua na sisi," alisema.

"Huenda."

"Na huyu mkamwana ana mimba."

"Nimemwona."

 Mzee alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi akiburuta ngazi.

Ndivyo Odeta alivyoingia darini. Tulimpangia mahindi upande mmoja na kuni upande wa pili, katikati pakabaki nafasi ya mtu kulala ubavu. Mchana alikuwa huko. Giza likiingia alishuka, akaenda nyuma ya migomba, akanawa, akala, akapanda tena. Moshi ulimsumbua. Tulihamishia mapishi mengi nje, tukawaambia majirani kwamba jikoni kuna joto, lakini hatukuweza kuacha kabisa kuwasha moto ndani, kwa sababu mtama wa pombe ulikaangwa pale na kila mtu alijua hivyo. Basi Danstan akaanza kukohoa. Alikuwa mzima wa kifua, lakini alikaa karibu na jiko kutwa akikohoa, ili kikohozi kingine kikisikika kisishangaze mtu. Alikohoa vizuri mno. Jirani mmoja akamletea majani ya kuchemsha, akayanywa.

Mama hakuacha kupika pombe. Nilimuuliza kwa nini asipumzike kidogo, wanywaji wasije uani.

"Nikiacha watauliza kwa nini nimeacha," alisema.

Kwa hiyo wakaendelea kuja, wenyeji na watu wa kambini pamoja. Wa kambini walibadilisha maharage na mafuta ya mgawo kwa pombe. Mmoja wao aliitwa Ildefonce. Alikuwa amefundisha shule kwao, alivaa koti hata kwenye jua, na alikuwa na adabu kuliko walevi wetu wote. Alimwita mama mkwe wangu "mama", alipokea kibuyu kwa mikono miwili, na akiondoka aliaga kila aliyekuwapo. Pale kambini ndiye aliyekuwa akisikilizwa katika sehemu aliyotoka Odeta. Tulilijua hilo kwa sababu vijana waliokuja naye hawakunywa kabla yake.

Kila Jumapili mchana alikaa kwenye gogo lililo karibu kabisa na mlango wa jiko, kwenye kivuli. Kati ya kichwa chake na Odeta kulikuwa na ukuta wa udongo na fito. Alizungumza habari za shule, habari za mvua, habari za mke wake anayeumwa meno. Mara nyingine alizungumza na vijana wake habari nyingine, kwa sauti ileile. Nani alipatikana. Nani bado. Mama alikuwa akipita katikati yao na kibuyu, akijaza. Mimi mwanzoni nilikuwa najificha chumbani. Baada ya wiki kadhaa nikaacha kujificha. Nilikuwa nawasikia kama mtu anavyosikia mvua akiwa ndani.

Siku moja Ildefonce alisema, "Mama, yule mwanamke mwembamba aliyekuwa analima hapa, alikwenda wapi?"

"Wanakuja wengi," mama alijibu. "Wanalima, wanakwenda."

"Huyo ni mtu mbaya. Ndugu zake ndio waliotufanya tukalala kwenye matope."

"Kwangu alilima viazi."

Ildefonce akacheka kidogo, kwa upole. "Wewe ni mtu mwema, mama. Ndiyo maana nakuambia."

Usiku ule Odeta aliposhuka, mama alimwekea chakula, akamwambia, "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi."

Hawakuongea zaidi ya hapo. Nilitegemea watu wawili walio katika hali ile wangekuwa marafiki, wasimuliane maisha yao. Odeta hakusimulia chochote. Sikujua alikuwa na watoto au hakuwa nao mpaka mimi mwenyewe nilipojifungua. Mama naye hakuuliza. Walikuwa wakikaa pamoja kwenye giza nyuma ya jiko, mmoja akila, mwingine akichambua mtama kwa vidole, kama wake wenza waliozoeana mpaka maneno yakawaishia.

Walikuja kutafuta mwezi wa tisa, alasiri. Tulikuwa tunakamua ndizi. Mama alikuwa ameinamia mtumbwi, mikono imezama kwenye majani na ndizi mpaka kwenye viwiko. Wanaume sita hivi waliingia uani bila kusalimia, wawili wana mapanga. Ildefonce alikuwa nyuma yao, ameshika kofia.

"Mama, tusamehe," alisema. "Kuna mtu ameona kitu. Vijana wanataka kuangalia tu, roho zao zitulie."

"Nyumba iko wazi," mama alisema.

Wakaingia nyumba kubwa. Tukasikia vitanda vinasogezwa, debe linaanguka. Mama akakung'uta mikono, akachukua tita la mabua na majani mabichi ya mgomba yaliyokuwa kando ya mtumbwi, akaingia jikoni bila kukimbia. Nilimfuata kwa macho. Moto ulikuwa unawaka kidogo chini ya chungu cha mtama. Akayalundika yale majani yote juu ya moto, akayakandamiza kwa mguu, akatoka, akarudi kwenye mtumbwi wake, akainama.

Moshi ulianza kutoka mlangoni mweupe na mzito, kama unga uliomwagwa. Wale vijana walipomaliza nyumba wakaja jikoni. Mmoja akaingia, akatoka anapangusa macho. Mwingine akavuta shati puani, akaingia, tukamsikia anapiga panga kwenye zile kuni za darini, mara moja, mara mbili, kisha akatoka ameinama anatapika mate.

"Mnapika nini humu?" akauliza.

"Mtama. Kuni mbichi," mama akasema. "Nyinyi ndio mmemaliza zile kavu."

Wengine wakacheka. Ildefonce akavaa kofia, akaomba radhi tena. Danstan alikuwa amekaa kwenye gogo, na safari hii hakuweza kukohoa. Alikuwa amefungua mdomo, lakini hakuna kilichotoka.

Walikaa. Hilo sikulitegemea. Waliomba pombe, mama akawapa, wakanywa kidogo wakiongea habari za mgawo wa maharage, na moshi ukaendelea kutoka mle jikoni. Mama aliwangoja wamalize. Walipokwisha kushuka bondeni ndipo Danstan alipopanda na mguu wake mbovu.

Tulimshusha Odeta kama gunia. Alikuwa ameuma kitenge mpaka meno yamepita, na mkononi alikuwa na jeraha la panga ambalo halikuwa kubwa. Alikuwa anapumua. Tulimlaza kwenye sakafu ya nyumba kubwa, mama akamnyunyizia maji, akampepea kwa ungo. Alipofumbua macho yalikuwa mekundu yote, hayana weupe. Alitutazama. Nilidhani angesema neno, la shukrani au la lawama, kwa sababu alijua nani aliweka majani yale; nafasi ya kuona chini kupitia fito ilikuwapo. Aliyafumba tena. Mama naye alipepea mpaka mkono ukamchoka, akanipa ungo, akaenda kumalizia kukamua kwa sababu ndizi zingeharibika.

Jicho la kushoto halikupona. Lilitoa usaha, likaingia utando. La kulia likabaki likiona kama kwenye ukungu. Tukajua kwamba darini harudi, maana akirudi atakufa huko, na chini hawezi kukaa.

Wakati huo kambi ilikuwa imeleta wafanyabiashara kutoka kila upande. Mmoja alikuwa Mwanamvua, mke wa Abbasi, watu wenye asili ya pwani walioishi Biharamulo mjini tangu enzi za babu zao. Abbasi alikuwa na lori. Mwanamvua ndiye aliyezunguka nalo akinunua maharage na ndizi. Alikuwa mnene, mwenye sauti, na kila alipokuja kwetu alikataa hata kukaa karibu na vibuyu vya pombe. Mama alimngoja barabarani, akamleta mpaka chumbani, akamwonyesha Odeta.

"Nina mgonjwa wa macho," alisema. "Naomba umpeleke hospitali Biharamulo."

Mwanamvua akamtazama Odeta, akatazama kidonda cha mkononi. Hakuwa mjinga.

"Mama Eustakia, huyu ni wenu?"

"Ni wetu."

"Wenu wa wapi?"

 Mwanamvua akakaa kitandani, akavua kanda mbili, akavaa tena. Nje dereva alikuwa anapiga honi.

"Mwambie yule anyamaze," Mwanamvua aliniambia. Halafu akamgeukia mama. "Nitakuja Alhamisi. Nitaleta buibui. Na huyu mkweo aje naye, maana mimba imekuwa kubwa, anakwenda kujifungua kwa mama yake. Mtu akiuliza safari, ni safari ya mzazi."

Alhamisi tukaondoka mchana kweupe. Odeta alivaa buibui na mtandio ulioshuka mpaka machoni, akakaa katikati yetu kwa dereva. Kuaga kwake na mama kulikuwa hivi: mama alimpa kifurushi cha ndizi za kuchoma, Odeta akakipokea, mama akarudi ndani. Danstan ndiye aliyesimama njiani mpaka lori likapotea.

Kabla hatujafika mbali na kambi, kwenye kona ambapo magari hupunguza mwendo, vijana wa kambini walikuwa wamekaa kando ya barabara. Walizoea kusimamisha malori kuomba lifti. Mmoja akarukia ngazi ya mlango, akachungulia ndani. Alikuwa mmoja wa waliokuja kwetu siku ile ya moshi. Alinitambua mimi.

"Mke wa nyumba ya pombe. Unakwenda wapi?"

"Kujifungua," nikasema.

Akamtazama Odeta. "Na huyu?"

"Mke mwenzangu," Mwanamvua akasema. "Ana maradhi ya macho. Shuka kwenye gari langu."

Yule kijana alikuwa anajua mawili matatu ya Waislamu. Akainamisha kichwa karibu na mtandio. "Asalaam aleikum."

Odeta hakujibu. Wiki nzima hakuna aliyefikiri kumfundisha. Nilikuwa nimeshika tumbo, na nakumbuka nilikuwa naangalia nzi mmoja anapanda kioo.

"Mwanamke wa mtu hajibizani na wanaume barabarani," Mwanamvua akasema, na sauti yake ikapanda. "Kwenu mnafundishwa nini? Nitamwambia mume wetu umechungulia uso wa mkewe, akutafute na bakora. Shuka."

Kijana akashuka. Dereva akatia gia. Tulipita Nyakahura, tukapita Lusahunga, tukaingia barabara ya vumbi ya Biharamulo, mpaka tukaanza kuona mabati ya mji. Hapo Mwanamvua akaomba gari lisimame, akashuka akakaa kwenye majani. Odeta akamtolea ndizi moja kwenye kifurushi, akampa.

Nilijifungua mtoto wa kike kwa mama yangu. Odeta aliishi kwa Abbasi, wakamwita Asmaa, wakasema ni shemeji kutoka Ujiji. Alichambua maharage kwa kugusa, kwa sababu jicho lililobaki halikumtosha. Nilipokuwa nikienda kumsalimu alimshika mtoto wangu, akampima uzito kwa mikono, akanirudishia. Siku moja tu alisema, "Wangu wa pili alikuwa mzito hivi." Ndipo nikajua.

Nilirudi Kasulo mtoto alipoanza kutambaa. Maisha yalikuwa yaleyale. Mama alipika pombe, Ildefonce alikuja, alimletea mtoto wangu sabuni ya mgawo. Niliipokea. Nilimwogeshea mtoto.

Desemba 1996 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao. Mwanzoni wengi wao walikimbilia upande wa pili, kuelekea maporini, kisha askari wakawageuza, na barabara ikajaa watu wanaorudi Rusumo, wamebeba magodoro, milango, kuku. Walipita mchana kutwa, na miguu yao ndiyo iliyosikika, maana hawakuongea. Mama alikuwa amesimama shambani akiwatazama, akawapa mgongo, akaendelea kupalilia.

Ildefonce alikuja peke yake, bila koti. Alikuwa ametoka porini, amechanika miguu. Aliomba maji, mama akampa uji. Alikaa kwenye gogo lake lilelile, akanywa, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, mimi siwezi kurudi. Unajua. Nifiche siku chache, watu wapite. Nitakwenda Kenya."

Danstan alimtazama mama. Mimi nilikuwa nimempakata mtoto.

"Nikufiche wapi?" mama akauliza.

"Popote. Hata jikoni."

"Jikoni aliwahi kukaa mtu."

Ildefonce akangoja.

"Yule mwembamba uliyekuwa unamwuliza," mama akasema. "Alikuwa darini. Wewe ulikaa hapo, yeye alikuwa hapo juu. Siku ile mliyokuja alikuwapo. Jicho lake liliharibika."

Alilisema hilo kama anavyomwambia mtu bei ya ndizi. Ildefonce aligeuza kichwa akautazama mlango wa jiko, akautazama muda mrefu, kikombe mkononi. Nilitaka nione kitu usoni mwake. Aibu, hasira, chochote. Niliona mtu aliyechoka anayetazama mlango.

"Yuko wapi sasa?" akauliza.

"Hayupo."

Akamaliza uji wake. Akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Kisha akashuka mpaka barabarani, akaingia kati ya watu, akaenda nao. Hatukusikia habari zake tena, na hatukuzitafuta.

Jioni Danstan alisema, "Ungemweka. Hata siku moja."

"Ungemweka wewe," mama akasema.

"Nami nilikuwa nafikiri hivyo."

"Nilikuona unafikiri."

Hawakugombana. Lakini tangu siku ile Danstan hakupenda kukaa uani wateja wakiwapo. Alichukua mbuzi wake mapema, akarudi wameshaondoka.

Odeta alikwenda Rwanda mwaka uliofuata, Mwanamvua alimsindikiza mpaka darajani. Kwao alikuta nyumba haina paa na migomba imeota hadi ndani ya chumba. Watoto wake wawili aliwaacha kwa kaka yake siku walipokimbia, na hakuna aliyekuja kumwambia lolote juu ya kaka wala watoto. Alikaa mwezi mmoja kwa watu wa parokia, akarudi Biharamulo kwa Abbasi. Alisema pale angalau anajua ndoo iko wapi.

Danstan alifariki mwaka 2001, kwa kifua kweli safari hii. Wakati huo kambi iliyobaki kwetu ilikuwa Lukole, ya Warundi, na wanywaji wa uani walikuwa Warundi. Mwanamvua na Odeta walikuja msibani kwa basi. Odeta alikuwa amenenepa kidogo, amevaa mtandio wa kijani, jicho lililokufa amelifunika. Wanawake waliopika walikuwa jikoni. Alifika karibu na mlango, akasikia harufu ya moshi, akageuka akaenda kukaa chini ya ukuta wa nyumba kubwa. Mama alimwona. Akachukua mkeka akamfuata, akakaa naye. Kulikuwa na maharage ya kuchambua, wakachambua, mama akitoa mawe kwa macho, Odeta kwa vidole.

Nilikaa karibu nao nikidhani sasa watasemezana. Odeta alisema mzee alikuwa anakohoa vizuri. Mama akasema ndiyo, alijifunza. Baada ya hapo waliongea habari za maharage ya mwaka ule, kwamba yana wadudu.

Wageni walipoondoka niliosha vyombo na mama. Nikamuuliza nililokuwa nimelitunza miaka yote, kwa nini alimpokea.

Alifikiri. Aliniheshimu kiasi cha kufikiri.

"Alikuwa amekaa mlangoni," alisema. "Sikuwa na pa kupita."

"Na hukuogopa?"

"Sikumbuki kuogopa. Nakumbuka nilichoka." Akainua sufuria kubwa, akamwaga maji machafu kwenye migomba, akaniambia niwahi kulala kwa sababu kesho yake kulikuwa na shamba.